Sinia la Shangazi

Karafuu zikishakomaa hazimngoji mtu. Kitumba kikiacha ukijani na kuanza kupiga wekundu, kimebakisha siku chache kufunguka, na kikishafunguka bei yake imeanguka. Ndiyo sababu Pemba, vuli ikikaribia na mikarafuu ikawa imezaa, nyumba nzima huhama. Huhama watu, majamvi, mitungi, mbuzi ya nazi, kuku na paka. Mjini hubaki wazee wasioweza tena safari pamoja na mtoto wa kuwatekea maji. Maisha yaliyosalia yote huenda shambani, chini ya mabanda ya makuti, mpaka mti wa mwisho uchumwe.

Imekuwa hivyo kwa vizazi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikanusurika, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kinachobeba mzigo mkubwa wa zao hili. Bibi yangu alihesabu umri wa watoto wake kwa misimu: huyu kazaliwa vuno kubwa, yule kazaliwa mwaka ambao miti ilipumzika. Ami, mdogo wake baba, kazaliwa kambini kabisa, na Bibi alipenda kusema kwamba harufu ya kwanza kuingia puani mwa mtoto yule ilikuwa ya karafuu mbichi.

Kambi yetu ilikuwa Mtambwe, mwendo wa kutosha kutoka Wete kwa njia ya udongo mwekundu. Tulikuwa Bibi, ambaye neno lake ndilo lililoendesha kambi, Mama, Ami, aliyesimamia wachumaji na kupima, Shangazi, aliyesimamia vyombo, kaka yangu mwalimu wa skuli, aliyekuja likizo, mimi, na watoto wengi wa umri wote. Mchana wanaume na vijana wako juu ya miti, maana matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika na mtu mzito hapandi. Jioni sote tunakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. Asubuhi inayofuata zinaanikwa, na hapo ndipo roho za watu hukaa. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kama kilo 1 kavu, na ili zikauke vizuri zinataka jua kali siku nne au tano mfululizo. Zikilowa zinavunda, zinapauka, na jasho la kupanda na kushuka linakuwa la bure.

Chakula kilikuwa muhogo, ubwabwa, dagaa, papa mkavu, ndizi mbichi. Chakula kizuri, cha kumtia mtu nguvu. Lakini Bibi alikuwa mtu wa mkate. Chai yake ya mkandaa, nyeusi, yenye mchaichai, haikuwa chai kama pembeni hakuna kipande cha boflo. Boflo ilitufikia kwa baiskeli, ndani ya sanduku la mbao lililofungwa nyuma ya kiti, na muuzaji alipiga kengele tangu bondeni ili watoto wawahi kumsaidia kusukuma mlimani. Kisha mvua za vuli zikaiziba njia ile kwa tope. Kengele haikusikika siku ya kwanza, haikusikika siku ya pili, na asubuhi iliyofuata Bibi alikitazama kikombe chake kwa muda, akakiweka chini kikiwa kimejaa.

"Kama boflo haiji," akasema, "itachomwa hapa hapa."

Shangazi akauliza kwa nini asile muhogo na chai, wenzake wote wanakula. Bibi akamjibu kwamba yeye amekula muhogo na chai tangu kabla ya Shangazi kuota meno, na leo anataka mkate.

Unga wa ngano ulikuwepo, kilo 2, uliowekwa kwa ajili ya chapati za siku ya kufunga kambi. Nazi zilikuwepo kupita kiasi. Sukari, chumvi, samli kidogo. Hamira ilikuwa kwenye kijipakti kilichofunguliwa zamani na kukunjwa, kikahifadhiwa ndani ya kopo la majani ya chai. Mama akatia kijiko kimoja cha hamira ile katika kikombe cha maji ya vuguvugu, maji ambayo kidole kinayavumilia bila kushtuka, akaongeza sukari ya kubana kwa vidole. Watoto wakakizunguka kikombe. Hamira hai haifichi hali yake: ndani ya dakika kumi hivi inapanda na povu, na harufu yake inamjia mtu yenyewe. Hii ililala chini ya kikombe, maji yakabaki maji.

Watu wengi hudhani hamira ni unga kama bizari. Ni kiumbe. Maji yakikaribia nyuzi 60 za sentigredi kinakufa, na pakti iliyofunguliwa katika hewa yenye unyevu wa msitu wa mikarafuu inakufa taratibu bila mtu kujua. Mama alimwaga kikombe kile kwenye shina la mgomba na kunawa mikono.

Hapo pakazuka mjadala ambao ungeweza kututia katika ugomvi wa msimu mzima. Ami alikumbusha kwamba wazee wa pwani hawakuwa na hamira ya pakti, na vitumbua vyao viliumuka kwa tembo la mnazi. Hilo ni kweli. Maji ya mnazi yakishagemwa huanza kuchachuka yenyewe ndani ya saa chache, na wapishi wengi wa zamani waliyatumia kuumulia unga. Bondeni kulikuwa na mgema. Shangazi akasema tembo halitaingia katika chombo chake chochote, si sufuria, si bakuli, si upawa. Ami akasema la asubuhi bado tamu, halijawa pombe. Shangazi akamuuliza kama yuko tayari kupanda mti baada ya hapo na kumwomba Mungu amlinde na tawi bovu. Mama akatazama pembeni. Kaka yangu akafungua mdomo, akaufunga.

Bibi ndiye aliyekata shauri. Katika kambi ya pili, ng'ambo ya kijito, alikuwako mama mmoja aliyepikia wachumaji wake vitumbua kila alfajiri, na mpika vitumbua haishiwi chachu. Akatumwa mtoto mwenye miguu myepesi, akafundishwa maneno ya kusema: shikamoo kwanza, kisha salamu za Bibi, kisha ombi. Alirudi kikombe kikiwa nusu, nusu nyingine imebaki kwenye jiwe la kuvukia kijito. Lakini nusu iliyofika ilikuwa inachemka kwa uhai, uji wa mchele wenye mapovu, unanukia ukali mzuri.

Mama akakuna nazi, akakamua tui kwa kifumbu, akaukanda karibu unga wote wa kilo 2 kwa tui la vuguvugu, ile chachu, chumvi vijiko vya chai vitatu na sukari ya kutosha kumpa chachu chakula. Alikanda mpaka unga ukaacha kushika vidole. Akautia ndani ya beseni, akaufunika kwa kanga kuukuu iliyolowekwa na kukamuliwa, juu yake akaweka kawa. Jua lilikuwa limetoka kwa nguvu. Pahali penye joto zuri kuliko pote kambini palikuwa ukingoni mwa jamvi kubwa, ambapo karafuu za siku ya tatu zilikuwa zinamaliza kukauka, na beseni likawekwa pale.

Kwa saa nzima mambo yalikwenda vizuri. Unga ulipanda ukalisukuma kawa. Watoto walipokezana kuchungulia na kuja kutoa habari kwa Bibi, naye alizipokea kila mara kama jambo jipya. Nilimwona akitoa kikombe chake, kukisuuza na kukiweka tayari.

Mvua ya vuli haibishi hodi. Upande wa bahari uliingia weusi, upepo ukageuka, minazi ikaanza kuinama, na Ami aliyekuwa juu ya mti akaiona kabla ya wote. "Karafuu! Karafuu!" Ni amri ambayo kambini haina maswali. Mtu anaacha chungu motoni, anaacha mtoto akilia, anaacha sala isiyokuwa ya faradhi, anakwenda kushika pembe ya jamvi. Tulikuwa watu wanne katika kila jamvi, kila mmoja pembe yake, tunazikutanisha katikati ili karafuu zijikusanye, halafu tunauburura mzigo mzima ndani ya banda. Matone makubwa yalikuwa tayari yanatupiga mgongoni. Aliyeishika pembe yenye beseni aliikunja pamoja na beseni lenyewe. Hakuna aliyemlaumu, si siku ile wala baadaye. Karafuu za siku ya tatu ni ada za skuli na bati la nyumba.

Mvua ilipiga kwa muda mrefu. Tulikaa bandani tumelowa, tumeshukuru, tunahesabu majamvi. Yote yalikuwamo. Ndipo mtoto mdogo kuliko wote akauliza mkate uko wapi.

Ulikuwa katikati ya jamvi kubwa. Beseni limepinduka, kanga imejivingirisha kando, na donge zima la unga limebiringika ndani ya karafuu, limechomekwa vitumba mwili mzima mithili ya nungunungu. Ami alishika kichwa kwa ajili ya karafuu. Mama alishika kichwa kwa ajili ya unga. Bibi akasogeza kigoda chake, akalivuta donge lile mbele yake na kusema, "Basi chambueni."

Tukachambua. Mikono ile ile iliyozoea kutenga karafuu na makonyo ilikaa kutenga karafuu na unga, watoto upande mmoja, wakubwa upande mwingine, mvua inapiga juu ya makuti. Zilizotolewa zilitiwa katika ungo, zisuuzwe zikaanikwe upya, na Ami alisimama juu yetu kuhakikisha hakuna hata moja inayotupwa. Nyingine zilikuwa zimezama ndani kabisa na vichwa vyake vimevunjika. Tulizitoa tulizoziona. Unga uliobaki ulikuwa na madoa ya rangi ya kahawia na harufu ya kumpanda mtu hadi machoni.

Kilichotushangaza ni kwamba uligoma kuumuka tena. Mama aliukanda, akaufunika, akauweka karibu na meko. Uliketi vile vile. Kaka yangu ndiye aliyetueleza, na kwa mara ya kwanza msimu ule wachumaji walimsikiliza mpaka mwisho. Karafuu ina mafuta makali, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kinachoitwa yujenoli, kile kile ambacho madaktari wa meno hukitumia kutuliza jino, kile kile kilichomo katika mafuta ya makonyo yanayokenekwa hapa hapa Pemba. Kinaua vijidudu. Chachu nayo ni kijidudu. Tulikuwa tumeichanganya na adui yake. Bibi alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema mama yake alikuwa akitia karafuu moja tu katika mkate wa sikukuu, na aliyetaka mbili alifukuzwa jikoni. Sababu hakuitaja, ila mkono wake uliijua.

Unga haukutupwa. Ilibaki chachu kidogo chini ya kikombe kile cha jirani. Bibi aliichanganya na unga wa konzi mbili uliokuwa umebaki mfukoni na maji ya vuguvugu, akakiacha kikombe kando ya majivu mpaka kikatoa mapovu, ndipo akakimimina katika unga mkubwa na kuukanda mwenyewe. Akaugawa sehemu mbili. Moja akaitia katika sufuria ndogo, ya pili katika sufuria kubwa, zote zimepakwa samli. "Sasa uacheni," akasema. Tukauacha. Jua likatua, watu wakasali Magharibi, na kwa mwanga wa taa ya kandili tukaona unga wa sufuria ndogo umeanza kupanda.

Ami alikuwa na njaa, na wachumaji wake walikuwa na njaa zaidi. Alikwenda kuwasha moto. Kuni zote zilikuwa zimelowa isipokuwa matawi makavu ya mkarafuu yaliyokuwa chini ya banda, kuni zinazowaka kwa ukali na mlio. Akayapanga katikati ya mafiga, moto ukapanda hadi kiunoni, akauweka mkate wa kwanza juu yake. Akatafuta mfuniko wa kubebea moto wa juu. Mfuniko wa sufuria ulikuwa mtungini, na ulikuwa mwembamba na wenye mgongo, kaa likiwekwa linateleza. Kilichofaa kambini kote kilikuwa kimoja: sinia la Shangazi, zito, pana, lenye ukingo ulioinuka pande zote. Shangazi alikuwa bado kwenye mswala. Ami akalichukua, akafunika, akajaza juu yake vijinga vinavyowaka.

Kwa dakika chache moto ule ulipendeza sana kuutazama. Kisha harufu ikabadilika. Ami alipofunua, juu ya mkate palikuwa peusi tii, chini peusi zaidi, na kisu kilipoingia katikati kilitoka na unga mbichi umening'inia. Wachumaji walibandua kilichoweza kulika pembeni, wakala kwa adabu bila neno. Kilichobaki kilihifadhiwa kwa kuku.

Bibi alikuwa amekaa muda wote ule akitazama. Aliinuka, akachukua fimbo na kuvitawanya vijinga vya Ami mpaka ndimi za moto zikafa. "Ndimi za moto ni za kuchemshia maji," akamwambia. "Mkate unataka makaa. Ngoja moto ufe, ndipo upike."

Nimetumia majiko mengi tangu siku ile, ya gesi na ya umeme, na sijaona maelezo ya kuoka yaliyo bora kuliko hayo. Moto unaowaka hauna kipimo. Unapiga upande huu, unaruka upande ule, unaunguza ganda kabla joto halijafika moyoni mwa mkate. Kaa hutoa joto lililotulia, na mtu anaweza kuliongeza au kulipunguza kwa kuhesabu vipande. Tena kaa huwekwa mahali pawili. Mkate unaopikwa kwa moto wa chini peke yake ni mkate nusu: chini ganda gumu, juu weupe na unyevu. Ufundi wote wa pwani wa kuchoma mkate wa kumimina na jamaa zake umo katika kupalia, na kupalia maana yake ni kuifanya sufuria kuwa tanuri kwa kuweka moto juu ya kichwa chake. Nawaona wasichana wa nyumba yetu leo wakijua kubonyeza kitufe cha jiko na hawajui kupalia, na inaniuma, kwa kuwa umeme unakatika, gesi inaisha, na vifuu vya nazi vimejaa uwanjani.

Bibi alituma watoto kuleta vifuu na makumbi kutoka uvunguni mwa kitanda alikoyaficha yasilowe. Kifuu huwaka haraka na kutoa kaa kali ambalo halikai sana. Kumbi halina haraka. Linashika moto ndani kwa ndani na kuuhifadhi. Aliwasha vifuu vingi kando ya mafiga, mbali na sufuria, akaviacha viwake mpaka moshi ukaisha na vyote vikawa vyekundu vyenye ukungu wa majivu. Sisi tunauliza bado, yeye anasema bado. Mkate wa pili nao ulikuwa unatumia muda huo. Ulikuwa umefika karibu na mdomo wa sufuria kubwa.

Alipoona sasa, akatandaza makaa machache chini, yametengana, hata mtu angesema hayatoshi. Akaweka sufuria juu ya mafiga, akafunika kwa lile lile sinia la Shangazi, na juu yake akapanga makaa mengi, pembeni zaidi kuliko katikati. Thuluthi moja chini, thuluthi mbili juu. Chini chombo kinaguswa na joto linalopanda lenyewe. Juu joto lazima lishuke, na kati ya sinia na mkate kuna hewa. Akajaribu kwa kudondosha chenga za unga mkavu juu ya kisehemu kitupu cha sinia. Zikibadilika rangi papo hapo, moto ni mkali. Hizi zilichukua muda, zikawa rangi ya kahawia polepole, naye akaridhika.

Hapo ndipo Shangazi alipotoka bandani.

Sinia lile alikuja nalo siku aliyoolewa. Limelisha watu ubwabwa wa harusi yake, wa harusi za watoto, wa khitma ya mume wake. Kila usiku alilisugua kwa jivu na maganda ya ndimu na kuliegemeza juu ya polo lake la nguo. Sasa lilikuwa juu ya sufuria gizani, limebeba makaa mekundu. Alisimama. Hakuna aliyepumua. Alinyoosha mkono kulitwaa, na Bibi akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, ukilifunua sasa mkate unakaa."

Ni kweli, mkate ukifunuliwa kabla haujashikamana, hewa ya nje huupiga na kitovu chake hushuka. Shangazi alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Mkono ulibaki hewani, ukarudi. Akavuta mkeka, akaketi karibu na mafiga kuliko mtu yeyote, akamnyang'anya Ami koleo.

Na kutoka hapo mkate ulikuwa wake. Aliliangalia sinia, na kwa kuliangalia sinia aliangalia moto. Palipozidi wekundu akaondoa kaa. Palipopoa akaongeza kipande cha kumbi, akipulizia kwa kipepeo cha ukindu ili majivu yasizibe joto. Kila baada ya muda aliizungusha sufuria kwa masikio yake robo duara, kwa kuwa upepo wa bondeni ulikuwa unatoka upande mmoja. Ami alijaribu kumshauri mara moja. Hakujaribu tena.

Watoto walikataa kulala. Mmoja akauliza kama watu wa kale nao walikula mkate, na kaka yangu akawasimulia. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wamekuta makombo ya mkate ndani ya meko ya mawe kaskazini-mashariki mwa Jordan, mahali panapoitwa Shubayqa. Makombo hayo yana umri wa miaka kama 14,400. Maana yake watu walikuwa wakioka mkate miaka kama 4,000 kabla ya kuanza kulima. Walichuma nafaka za mwituni, wakachimba mizizi ya mimea ya kandokando ya maji, wakasaga, wakakanda, wakachoma motoni.

"Hawakuwa na shamba?" mtoto akauliza.

"Hawakuwa na shamba. Walikuwa wawindaji na wachumaji."

"Wachumaji, kama sisi," akasema kijana mmoja wa Ami, na wenzake wakafurahi.

Bibi alitaka kujua kama mkate ule ulikuwa umeumuka. Kaka akamjibu ulikuwa bapa. "Basi hawakupalia," Bibi akasema, akawaombea rehema wote waliokaa kwenye meko yale.

Harufu ilikuja kabla ya mkate kuiva, kwanza nazi, halafu samli, halafu karafuu ikapita juu ya vyote. Shangazi alisubiri harufu ile itulie. Ndipo akayasukuma makaa upande mmoja wa sinia, akaliinua kidogo tu kwa kitambaa, akachoma katikati ya mkate kwa chelewa ya ukuti. Ilitoka kavu. Akafunua. Mkate ulikuwa umepanda juu ya mdomo wa sufuria, rangi ya kahawia iliyoiva, umepasuka mstari mmoja kichwani. Aliupindua juu ya ungo na kuugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ukaitika kwa sauti tupu, na Mama akashusha pumzi.

Tulitaka kuukata pale pale. Bibi akakataza. Mkate ukitoka motoni bado unajipika ndani, na mvuke ukikimbizwa kwa kisu unabaki mnato. Tukaketi kuuzunguka kwa muda ambao mtoto mdogo aliuita mwaka. Chai ikachemshwa. Hatimaye Bibi akakata, kipande cha kwanza kwa mama wa vitumbua ng'ambo ya kijito, kikafungwa katika jani la mgomba, cha pili kwa wachumaji, halafu watoto, halafu sisi. Ulikuwa mzito kuliko boflo ya baiskeli, ganda lake gumu la kutafuna, ndani laini na wenye weupe wa tui. Karafuu ilikuwepo kila tonge. Mara moja moja jino lilikutana na kitumba kizima, na aliyekipata alikitoa na kumkabidhi Ami, naye alikipokea. Bibi alichovya kipande chake katika mkandaa, akala akiwa amefumba macho, akaomba kingine.

Baada ya kula ikaletwa kesi. Sinia lilikuwa limepoa. Chini limepiga weusi, juu limebaki na alama za buluu na zambarau pale makaa yalipokaa, na upande mmoja limebonyea kwa vijinga vya kwanza. Shangazi aliliweka mbele ya kandili ili kila mtu aone. Ami alisema moto wa kwanza ulikuwa wake, hakukana. Shangazi alisema halisuguliki hilo, si kwa jivu wala kwa ndimu. Mama akajitolea kununua jingine Wete. Shangazi akakataa, sinia la dukani halikuwa na watu wake ndani.

Bibi aliachia kila mmoja aseme. Kisha akamuuliza Shangazi anataka nini.

Shangazi alifikiri kwa muda mrefu, akizungusha kidole kwenye ule ukingo.

"Sinia limeshakuwa la mkate, liwe la mkate," akasema. "Kila Alhamisi usiku, mpaka msimu uishe, tunachoma. Moto ninaushika mimi. Ganda la juu ni langu. Na yeye," akamwonyesha Ami kwa koleo, "atakusanya vifuu, atachoma kuni mpaka ziwe makaa, na hatagusa kitu kingine."

"Na unga?" Ami akauliza.

"Unga utaununua wewe."

Ami alikubali mbele ya wote. Alhamisi iliyofuata muuzaji wa boflo alikuwa ameanza kuja tena, na Bibi alinunua kwake boflo mbili kwa ajili ya asubuhi. Jioni ile ile Ami alivuka kijito mwenyewe kwenda kuomba chachu, akarudi kwa hatua ndogo ndogo, viganja viwili juu ya kikombe.